Mbegu za Vumbini

Nzilani alikuwa amepiga magoti katikati ya shamba, lakini hakuwa akiomba. Vidole vyake vilichimbua mfuo wa vumbi, vikatoa punje ya mahindi, vikaipangusa kwenye leso na kuidondosha ndani ya bakuli la plastiki. Akasogea mbele, akafukua nyingine.

Mbegu hizo alizipanda yeye pamoja na wanawake wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kulima. Walizipanda ardhi ikiwa kavu kama jivu, kama ilivyo desturi Ukambani. Mvua ya vuli huku ni mgeni asiyekaa: hubisha hodi, husalimu, huenda zake. Anayengoja udongo ulowe ndipo atafute jembe huvuna mabua. Zamani uamuzi ulikuwa wa mumewe, Mutunga. Alisimama uani, akasema "kesho," na kesho yake ng'ombe wakafungwa nira. Mwaka huu Mutunga yuko kaburini, na ilimlazimu Nzilani kuitamka "kesho" peke yake. Aliitamka. Mawingu yakakusanyika juu ya Kilimambogo, kisha yakatawanyika kama watu waliosikia mkutano umeahirishwa.

Si kwamba hakuomba. Kila alfajiri alisoma Zaburi, akafumba macho na kusema, "Bwana, shamba hili nimeliweka mikononi mwako." Ila kabla maji ya chai hayajachemka, alikuwa ameshatoka kwenda kuangalia. Aliwachunguza kindi. Aliwachunguza mchwa. Aliitazama mbingu kama mama mkwe anayechungulia sufuria ya mkaza mwana. Na leo, alipotia mkono kwenye gunia ghalani, vidole viligusa chini. Zilizokuwa udongoni ndizo pekee zilizobaki. Mchwa wakizimaliza, hana cha kupanda wala cha kupika. Afadhali mahindi ya kupika muthokoi mkononi, aliwaza, kuliko mavuno ya kuwazia.

"Mama Kaluki! Unapalilia nini, vumbi?"

Alikuwa Munyiva, jirani yake na mwenzake wa kwaya, amesimama ukingoni mwa mtaro na mtungi mtupu mgongoni. Nzilani akalisukuma bakuli nyuma ya goti.

"Naangalia tu kama zimeota."

"Na hizo zilizoota kwenye bakuli?"

Munyiva alicheka hadi akashika kiuno. "Nimeona kuku akifukua mbegu. Nimeona kwale. Mkristo, leo ndiyo mara ya kwanza."

"Cheka tu. Wewe uko na mume wa kukuambia lini."

"Nani, Nzau? Huyo huniuliza mimi." Munyiva akautua mtungi, akachuchumaa kando yake. Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Zangu pia ziko chini, Mama Kaluki. Nikiweka kichwa kwenye mto nasikia mchwa wakitafuna."

"Sasa unafanyaje?"

"Nageukia upande wa pili."

Nzilani akalitazama bakuli. "Mimi namkabidhi kila siku. Namkabidhi, halafu..."

"Halafu unamfuata nyuma na bakuli."

Maneno hayo hayakuwa na asali. Kwa siku nyingi Nzilani alidhani upungufu wake ni maombi, akazidi kuyarefusha. Sasa aliokota punje moja, akaigeuza juani. Ilikuwa ngumu, nzima, haina hata tundu la mdudu. Akaokota nyingine. Nzima. Mchwa hawakuzigusa, kindi hawakuzigusa. Katika shamba zima, aliyekuwa amezitoa mahali pake ni yeye.

Alivuta pumzi, akarudi mwanzo wa mfuo.

"Nikusaidie?" Munyiva aliuliza.

"Wacha. Nilizitoa mwenyewe."

Akazirudisha mojamoja, akizifukia kwa unyayo. Mkono ulisita kwenye ile ya mwisho, kama mkono wa mama anayemwachilia mtoto mlangoni mwa shule. Kisha ukafunguka.

"Na zisipoota?"

"Zisipoota tutalia," alisema Nzilani, akijikung'uta magoti. "Lakini si leo. Ningoje nichukue mtungi wangu, twende wote."

Walipokuwa wakiteremka kuelekea mtoni, upepo ulivuma ghafla nyuma yao, ukalipita shamba na kulifunika kwa vumbi jekundu. Munyiva aligeuka kutazama. Nzilani alikuwa ameshatangulia, akimuuliza, bila kugeuza shingo, sauti ya pili ya ule wimbo wa Jumapili inaingilia wapi.