Kigari cha Zambarau

Bi Stavroula Kontos alikuja kwangu Jumanne moja ya mwezi wa tatu, amebeba sahani ya biskuti za ufuta iliyofunikwa kitambaa, akakaa kwenye kiti changu cha kazi bila kukaribishwa. Alikuwa na miaka themanini na minne. Hapa Kurrabin, mji wetu mdogo wa mashamba ya zabibu, hakuna asiyemjua, na sababu yake tunaijua wote: binti yake Leni, mwenye miaka kumi na saba, alitoka shamba la zabibu la akina Vogt alasiri ya Alhamisi moja mwaka 1984, akaanza kutembea kwenda nyumbani, kilomita mbili tu, na hakufika.

"Lindsay," alisema, "watu wananiambia wewe unatengeneza gari lolote."

"Madogo, mama. Makubwa niliyaacha."

"Hilo hilo dogo ndilo ninalotaka."

Nilikuwa fundi rangi wa magari kwa zaidi ya miaka thelathini, mpaka daktari alipopiga picha mapafu yangu akaniambia nichague kati ya gereji na kupumua. Nikahamia kwenye vigari. Banda langu la nyuma ya nyumba lina rafu tatu zilizojaa. Kigari hutoka kiwandani vipande vya plastiki vyeupe ndani ya boksi, na mtu yeyote mwenye gundi anaweza kuviunganisha. Ufundi uko kwenye kile unachokibadilisha: unashusha matairi, unakata paa, unachanganya rangi yako mwenyewe. Kwenye chama chetu cha waunda vigari wengine wanasifika kwa injini, wengine kwa viti. Mimi ni rangi. Nipe picha ya gari la babu yako, nitakutolea rangi ile ile, pamoja na pale lilipochujuka kwa jua.

Bi Stavroula alinieleza polepole. Miaka yote ile lilikuwa likitafutwa gari la bluu, kwa sababu mtu mmoja alisema aliliona. Sasa amejitokeza mwanamke huko Queensland. Mwaka ule alikuwa mtoto wa miaka tisa, wazazi wake wachuma zabibu, na kesho yake walihamia shamba jingine mbali kabla hawajaulizwa chochote. Majuzi kaona picha ya Leni kwenye mtandao, akapiga simu polisi. Alimwona Leni ameinama, anazungumza na dereva wa vani ya zambarau.

"Polisi wana maneno," alisema Bi Stavroula. "Maneno watu wanayapita tu. Mimi nataka kitu kiwekwe maktaba, juu ya meza. Mtu akisimama mbele yake, akumbuke."

Nilikubali. Vani za zambarau zilikuwa nyingi enzi zile. Kila kijana aliyekuwa na kazi alikuwa na vani yenye godoro nyuma na rangi ya kutia aibu. Nimepiga rangi magari elfu kadhaa maishani mwangu. Sikufikiria kitu. Nataka hilo lieleweke, ingawa sijui linanisaidia nini.

Nilianza na rangi. Bi Stavroula alimpigia yule mwanamke wa Queensland, akaweka simu mezani kwangu ili nisikie mwenyewe.

"Ilikuwa kama bilinganya?" nikamuuliza.

"Kivulini, ndiyo, kama bilinganya," sauti ikajibu. "Lakini juani ilikuwa inatoa wekundu fulani. Kama shaba. Mimi nilidhani inawaka."

Nilichanganya mara tatu na mara tatu nikakosea. Mara ya nne nilitia unga wa shaba kidogo kwenye zambarau iliyokolea, nikapiga tabaka mbili, nikakitoa kigari nje juani. Kikawaka. Palikuwa na tone moja limetiririka karibu na bampa, nikalisugua kwa msasa na maji. Yale maji yakanitelemkia kifundo cha mkono, zambarau yenye udongo udongo, nikainua kichwa kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwenye umati. Nikanawa. Nikaendelea na kazi.

Jumatatu iliyofuata ukaja mchoro kwa posta. Yule mwanamke alikuwa ameichora vani kwa ubavu, kwa penseli, na nyuma kwenye ubavu wake kulikuwa na dirisha lenye umbo la chozi lililolazwa. Kigari changu hakikuwa na dirisha hapo. Ubavu ulikuwa mzima. Nikaweka alama, nikatoboa vitundu mfululizo kwa kekee ndogo, nikaviunganisha kwa kisu, nikasukuma kwa kidole gumba. Kipande kikadondoka mezani. Chozi la plastiki, dogo kama ukucha.

Hapo nikajua. Kipande chenye umbo lile niliwahi kukishika, cha bati, kirefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Nilikikata mwenyewe kwa mkasi wa bati ili kuziba dirisha.

Ilikuwa Jumapili, mwaka ule wa 1984, gereji imefungwa, na mimi nilikuwa na ufunguo. Neville Hocking, kaka yake mke wangu, alileta vani ya zambarau aliyoinunua kwa mtu wa mji wa Broken Hill; hata mwezi alikuwa hajamaliza nayo. Alitaka iwe nyeupe, ya kazi, kwa kuwa alikuwa anaanza shughuli za mabomba. Alitaka madirisha ya nyuma yazibwe, wezi wasione vifaa. Nilichomelea, nikapaka puti, nikapiga msasa mpaka jioni, nikatema mate ya zambarau siku tatu. Zulia la nyuma alikuwa amelitoa, na ndani kulinuka dawa ya bwawa la kuogelea.

"Umeiosha au umeibatiza?" nilimuuliza.

Alicheka. Tulicheka wote wawili. Kesho yake tulipanga mstari kwenye matete ya mtoni, watu mia moja na zaidi, kumtafuta Leni, na mimi na Neville tulitembea tukiwa tumeachana hatua mbili.

Neville alikuwa anakuja bandani kwangu kila Jumatano. Yeye anaunda malori, na anayaunda vibaya, gundi mpaka kwenye vioo. Nilikuwa namwambia, "Nev, lori lako lina makamasi," naye ananijibu kwamba angalau lake limewahi kufanya kazi, si hivi vimwali vyangu vinavyoogopa vumbi. Nilipolazwa kwa ajili ya mapafu, ni yeye aliyekata majani ya uani kwangu miezi minne. Glenys mke wangu alipofanyiwa upasuaji wa moyo, Neville ndiye aliyelala kwenye kiti cha korido. Wiki mbili hizo alikuwa pwani na karavani yake. Akarudi Jumanne, na Jumatano akaingia bila kubisha, kama siku zote, chupa mbili za bia kazishika shingoni.

"Shem! Mbona umekonda? Dada yangu anakunyima chakula?"

Kigari kilikuwa mezani juu ya kitambaa cheupe, taa imekimulika. Ningeweza kukificha. Sikukificha.

Alikitazama. Aliziweka zile chupa chini, moja, halafu nyingine.

"Cha nani hiki?"

"Cha Bi Stavroula."

"Anakitaka cha nini?"

"Kuna mtu aliiona ile vani, Nev. Mtoto wa wachuma zabibu. Siku ile."

"Watoto wanaona mengi."

"Dirisha hili nilikuzibia mimi. Uliniambia wezi."

Alivuta kiti chake cha kila Jumatano, akakaa. "Miaka thelathini na saba, Lindsay."

"Nakuuliza, ni wezi au siyo wezi?"

"Huniulizi. Hujawahi kuniuliza kitu maisha yako yote, ndiyo maana tumeishi vizuri."

"Yuko wapi?"

Alijitazama viganja, akavisugua pamoja kama mtu anayeondoa vumbi la chokaa. "Utafanya nini ukijua? Bi kizee yule ana miaka mingapi sasa? Atakufa anamwomba Mungu wake, ataondoka salama. Dada yangu je? Moyo wenyewe ule wa kushonwa. Utamwambia wewe?"

Nilikishika kitambaa cheupe pembeni, nikakinyoosha.

"Halafu watauliza nani alichomelea. Nani alipiga rangi, Jumapili, gereji imefungwa. Mkono wako umo kwenye gari lile kuliko hata wangu, shem."

Alisimama. Mlangoni akageuka, akakitazama tena kigari, na akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti anayotumia kusifia mchuzi wa dada yake: "Lakini umeipatia. Rangi yenyewe hasa."

Katika yote aliyosema, hayo ndiyo ninayoyasikia mpaka leo.

Sikwenda polisi siku ile, wala kesho yake. Niliamka, nikanywa chai, nikaingia bandani, nikafunga mlango na kukaa. Nilijiambia nangoja Glenys amalize dozi ya dawa zake mpya. Nilijiambia huenda Neville atakwenda mwenyewe. Ukweli ni kwamba niliogopa, na hofu ile niliizoea haraka mno. Glenys aliniuliza kama kifua kinanisumbua, nikasema ndiyo.

Bi Stavroula alipiga simu Ijumaa.

"Haijakauka bado?"

"Bado, mama. Rangi hii inataka muda."

"Mimi sina muda mwingi, mwanangu. Iambie ikauke."

Rangi ile hukauka kwa dakika ishirini. Alipiga tena Jumapili, baada ya kanisa, akasema ameshapata nafasi maktaba, karibu na mlango, watu wote wanapita hapo. Nikamwambia wiki ijayo. Akasema atakuja na ngano ya kuchemsha, ile ya kuwakumbuka marehemu anayompikia Leni kila mwaka, nami nile kidogo kwa kuwa nimefanya kazi. Nikasema ahsante.

Jumatano akafa. Jirani alimkuta amekaa kitini sebuleni, miwani machoni.

Tulimzika Jumamosi. Kaburi lilikuwa la watu wawili. Alilinunua zamani, na jina la Leni lilikuwa limechongwa tayari upande wa pili, bila mtu chini yake. Neville alikuja. Alivaa tai. Alisimama watu watatu kutoka kwangu, na padri alipotia udongo, aliinamisha kichwa kama sisi wengine.

Nilimwambia Glenys Jumatatu, jikoni, saa nne asubuhi. Alikuwa anamenya machungwa ya kupikia jemu. Nilisema yote mfululizo, gereji, bati, dirisha, Jumatano ile, bila kumtazama usoni. Hakulia. Hakuacha kumenya. Alimaliza yaliyokuwa kwenye beseni, yote, akanawa mikono, akajifuta.

"Umejua tangu lini?"

"Wiki mbili. Tangu Jumatatu ile."

"Na yule mama alikuwa hai."

"Ndiyo."

"Alikupigia simu. Nilisikia ukiongea naye. Unamwambia rangi."

"Ndiyo, Glenys."

Aliusukuma ungo wa maganda pembeni. Halafu akachukua funguo za gari ukutani. "Vaa viatu," alisema.

Aliendesha yeye. Mimi nilikipakata kigari ndani ya boksi la viatu.

Polisi walikaa nami siku hiyo nzima na siku mbili baadaye. Hawakunifunga, waliniambia kijana wa miaka ishirini na minne aliyeombwa na shemeji yake kupiga rangi gari hana kosa. Kuhusu zile wiki mbili hawakuniuliza sana. Neville walimkuta nyumbani, anamwagilia bustani, na inasemekana alifunga bomba kwanza ndipo akawafuata. Mwanzo alikataa. Siku ya nne aliwapeleka kwenye bwawa la chumvi, lile la kaskazini wanakomwaga maji ya mashamba, pale ambapo hapaoti hata magugu. Walichimba siku tisa kwenye tope jeupe. Walimpata Leni akiwa amekunjiwa zulia.

Mahakamani Neville alikiri, na sababu hakuitoa. Jaji alimuuliza mara mbili. Alisema hakumbuki vizuri, ilikuwa joto.

Leni alizikwa mwezi wa nane, mvua ikinyesha, upande wake wa lile kaburi. Yule mwanamke wa Queensland alikuja, mama wa makamo mwenye koti la kijani. Aliniuliza kama mimi ndiye niliyetengeneza gari. Nikasema ndiyo. Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru, akasema kama si mimi Leni angekuwa bado yuko kule. Nilitaka kumwambia kuhusu simu ya Ijumaa na ile ya Jumapili. Glenys alikuwa pembeni yangu, akanisikiliza nikinyamaza.

Bado tunaishi nyumba moja. Ananipikia, nami namtengenezea dawa zake kwenye kile kisanduku cha siku saba. Mara moja kwa mwezi anakwenda kumwona kaka yake gerezani, safari ya saa tatu, na daktari amemkataza kuendesha masafa marefu, kwa hiyo ninampeleka mimi. Anaingia peke yake. Mimi ninabaki kwenye maegesho na wake na waume wa wageni wengine, madirisha tumeyashusha kwa sababu ya joto. Akitoka anafunga mkanda, anasema "Twende," na tunarudi. Anayoambiwa mle ndani simuulizi, naye haniambii.