Kazi ya Kushindwa

Kazi ya Primus kwa dada Eunike ilikuwa kushindwa. Kila Jumamosi, kwenye uwanja wa majani nyuma ya migomba kule Masama, alivaa mkono mnene wa kujikinga ulioshonwa kwa magunia ya kahawa, akajificha, akatokea kwa vishindo, akang'atwa. Mbwa mchanga akishaukamata mkono barabara, Primus alitakiwa kutetemeka, kurudi nyuma, kisha kuuvua na kumwachia aondoke nao. Ndivyo mbwa anavyojengewa ujasiri. Eunike alimweleza hivyo siku ya kwanza na hakurudia, maana hakuwa mtu wa maneno mengi.

Mbwa mwenyewe, Sajini, alikuwa na miezi kumi. Eunike alimlea tangu hajafumbua macho, kwa maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, na mwakani alitaka kumpeleka Arusha kwenye mashindano ya mbwa wa ulinzi. Hakuwa na mbwa mwingine wa kumpeleka.

Primus aliyajua yote hayo. Shida ni kwamba siku nyingine za wiki alikuwa mpagazi wa mlimani, mtu wa kupanda na kilo ishirini kichwani bila kulalama, na Jumamosi hiyo Mzee Ndelilio, baba wa mchumba wake Doris, alikuja kutazama na wanawe wawili. Walikaa kwenye benchi. Primus aliwaendea, akasema, "Shikamoo baba," kisha akaenda kujificha huku moyo ukimdunda. Mbwa hakuhusika na kudunda huko.

Sajini alikuja mbio, akauma. Sasa Primus arudi nyuma. Akasikia kicheko kutoka kwenye benchi, kidogo tu, na kiburi kikampanda. Akakaza miguu, akamtolea mbwa macho, akamfokea usoni na kumsukuma kwa mkono uleule.

"Primus, mpe," Eunike alisema. "Mpe sasa hivi."

Hakumpa. Sajini aliachia, akarudi kinyumenyume, akajibanza nyuma ya miguu ya Eunike, mkia kauficha.

Wageni walipiga makofi. Mzee Ndelilio alikuja mwenyewe kumshika mkono.

"Wewe ni mwanamume, baba," alisema. "Binti yangu yuko salama."

Primus alicheka, akaona aibu, akaendelea kucheka. Eunike alimfunga mbwa kamba, akaondoka naye bila kumwangalia mtu.

Kesho yake, baada ya ibada, Primus alirudi peke yake. Eunike alimfungulia geti, akamleta Sajini. Primus alivaa mkono, akatokea mafichoni akitetemeka, akakimbia, akajitupa kwenye matope na kupiga mayowe. Akauvua mkono, akausogeza mbele kwenye majani.

"Chukua, bwana," alisema. "Umenishinda. Chukua."

Sajini alimtazama kwa mbali, kisha akalala chini na kugeuza kichwa. Eunike alisimama kando, akisubiri Primus ainuke, atoke, naye afunge geti.