Bidoni ya Kukimbilia

Petroli ilikuwa imebaki lita mbili, na vita vilikuwa karibu kutufungia njia ya Sake.

Mwaka huo kule Burungu kila nyumba yenye pikipiki ilikuwa na bidoni ya kukimbilia, dumu la petroli. Haiguswi. Yangu ilikuwa ya kumbeba mama yangu, Kavugho, ambaye miguu yake ilikuwa imekataa kutembea.

Asubuhi binti yangu Kétsia akaiomba kwa ajili ya jenereta. Kompyuta yake ilikuwa inazimika. Asipotuma hesabu zake kabla ya saa sita mchana, nafasi yake ya doctorat, ile shahada ya juu kabisa, ingepewa mwingine.

"Hesabu za nini?" nikamuuliza. Mimi niliacha shule mwaka wa tano nikauze chumvi.

"Papa, kuko shimo jeusi, mbali sana. Inakula nyota yenye iko karibu yake."

"Inakula kushinda askari?" mama akauliza kutoka kitandani, nyuma ya duka langu.

"Koko, hata askari hawafikie hapo!" Kétsia akamjibu bibi yake.

Akanionyesha kioo cha kompyuta. Gesi ya ile nyota huzunguka shimo kabla ya kutumbukia, inapata moto mpaka inatoa eksirei, kama zile za hospitali, kwa nguvu kushinda majua milioni moja. Shimo likila kupita kiasi, chakula kinavimba, upepo unakirusha nje, na upepo huohuo unafunika ile nuru kali. Tunabaki kuona nuru laini tu. Likipunguza kula, kali inarudi. Alikuwa na vipimo vya miaka kumi na mitano, kutoka kwenye setilaiti.

"Hiyo nuru ilitoka kule lini?"

"Miaka milioni kumi na mbili iliyopita, Papa."

Nikatazama vile vidoti vya vipimo kwenye kioo. Kila kimoja kilianza safari kabla hakujawa na mtu duniani wa kumkimbia mwenzake. Kilipita giza lote bila bariyeri hata moja ya askari, kikafika dukani kwangu, juu ya mifuko ya maharagwe. Nikavua kofia. Sikujua nimeivua kwa ajili ya nani.

"Katembo," mama akaniambia, "weka mafuta mu jenereta. Mimi niko mwepesi. Utanibeba."

Nikaweka. Saa tano na nusu Kétsia akatuma. Mistari miwili ilikuwa imeachana wazi, mmoja wa nuru kali, mmoja wa nuru laini. Hata mimi niliiona.

Saa nane mabomu yakaanza upande wa Kitchanga. Nikamfunga mama mgongoni kwa kitenge. Tulitembea siku mbili, na mvua ilinyesha zote mbili.

"Kétsia, na sasa iko inakula?" mama akauliza shingoni kwangu.

"Iko inakula, Koko."

"Basi tutembee."

Iligharimu hivi. Petroli, lita mbili. Pikipiki moja. Duka, na mifuko kumi na minne ya maharagwe ndani yake. Kucha tatu za miguu yangu. Na mama yangu Kavugho, miaka themanini na moja, aliyekufa Sake siku ya tatu, kwa baridi.