Mavumbi ya Miguu ya Jagir

Habari hii nilipewa na Surjit, jirani yangu, majira ya baridi yaliyopita, tukimenya vitunguu saumu katika jiko la hekalu letu la Masingasinga. Yeye alikuwapo, na Surjit haongezi chumvi ila kwenye dengu.

Bibi Basant alikuwa na wana wawili. Mkubwa, Jagir, alikuwa dereva wa lori mpaka akili ilipoanza kumruka. Akawa anaongea na ukuta, anacheka peke yake, ingawa hakumdhuru hata kuku. Mdogo, Gurdit, ndiye mwenye duka la mbolea, na ndiye mwenye sauti nyumbani. Wakwe walipokuja kumposa binti yake, Gurdit alimtoa kaka yake nje.

"Siku mbili tu, Mama. Wakimwona watasema wazimu ni wa ukoo."

Harusi ikapita, kitukuu akazaliwa, Jagir bado analala kwenye kibaraza cha stendi ya mabasi. Sasa ukungu wa baridi ulikuwa umeshuka, naye kifua kinambana. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi: Bibi Basant aliona wazi kuwa baridi hii mwanawe hataivuka nje.

Na kila Jumapili Gurdit yuko mlangoni mwa hekalu, zamu ya viatu. Kwetu huingii na viatu. Atakaye baraka huvipokea vya wenzake, huvifuta, kisha yale mavumbi hujipaka kwenye paji la uso, maana katika sala tunaomba tujaliwe mavumbi ya miguu ya waumini. Gurdit alijipaka kwelikweli. Kilemba cheupe pe, uso wa udongo. Watu wakasema, mcha Mungu ni yule.

Ikafika Jumapili ya kugawa mablanketi kwa wasio na makao. Mablanketi aliyanunua Gurdit, jina lake limeshonwa pembeni. Bibi Basant akaenda stendi, akamshika Jagir mkono, akamleta. Alikuwa amelipanga jambo hili moyoni muda mrefu: mbele ya waumini wote, na mavumbi yale usoni, Gurdit atamkana vipi kaka yake?

"Viatu," Gurdit alisema bila kuinua macho.

"Huyu hana."

Akainua macho. "Mama, si leo. Watu wanatazama."

"Ndiyo maana nimemleta leo. Kila alfajiri unaomba mavumbi ya miguu. Miguu hii hapa, haina hata ndala. Yachukue, kisha umpeleke nyumba ya baba yake."

Jagir akacheka. "Wewe Gurdit, umenenepa! Unakula na chapati zangu?"

Watu nyuma wakaangua kicheko. Gurdit akapiga magoti. Akapitisha viganja kwenye nyayo za kaka yake zilizopasuka, akajipaka usoni, akalia. Machozi ya kweli, Surjit anaapa. Mtu akapiga picha. Mwenye kipaza sauti akatangaza, "Tazameni unyenyekevu, enyi ndugu!"

Bibi Basant akamshukuru Mungu.

Gurdit akainuka, akachukua blanketi la kwanza, akamfunika Jagir mabegani. "Mungu akulinde, kaka," akasema, kila mtu asikie. Kisha akanyoosha mikono kupokea viatu vya mtu mwingine.

"Na nyumbani?" Bibi Basant akauliza.

"Mama, nimeshainama, umeona mwenyewe. Unataka nini tena?"

Bibi Basant aliingia na Jagir, wakaketi chini pamoja na watu wote, wakala chapati na dengu. Walipotoka, mama akajipanga kwenye foleni ya mablanketi. Zamu yake ilipofika, Gurdit, aliyekuwa akigawa, akalivuta blanketi nyuma.

"Mama! Foleni hii ni ya wasio na makao."

"Nami nimo. Nyumba asiyoingia mwanangu si yangu. Nipe, baba, watu wanatazama."

Akampa. Angefanyaje? Safari hii hakuna aliyepiga picha.

Jioni ile kibarazani Jagir alilala mapema, anakoroma kama lori lake. Bibi Basant alimfunika miguu kwa blanketi lake mwenyewe, akabaki na shali. Akawa anasikiliza pikipiki ya Gurdit. Zilipita pikipiki nyingi, na kila moja ilipopunguza mwendo alijiinua kwa kiwiko. Hakuna iliyosimama. Mwishowe akajikunja ubavuni mwa mwanawe, mgongo kwenye saruji, akasinzia.