Pete ya Kaboni Tatu

Siti alipanda Newala kutoka kwao Masasi akiwa na habari njema, na habari hiyo ilimlemea kuliko msiba wenyewe. Selestini, mwenzake wa maabara chuoni Dar es Salaam, alizikwa tangu masika. Figo zilimwondoa upesi, kabla watu hawajazoea kwamba anaumwa.

Mama Selestini alimpokea Siti uani, akammiminia maji ya kunawa kwa kikombe kidogo, kwa kubania, maana maji huko Newala ni ya shida.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Siti. Alikuwa hamalizi simu bila kukutaja."

Siti akainamisha uso. Hilo hakuwa akilijua.

"Nimekuja kukwambia kazi yake imekubali."

"Nieleze. Yeye alikuwa akinieleza, mimi nacheka tu."

Siti akaeleza kadiri alivyoweza. Walikuwa wakiunganisha nikeli na kaboni yenye haraka, isiyotulia mpaka ipate cha kushikamana nacho. Pembeni ya nikeli hukaa ligandi, molekuli zinazoizunguka na kuishika, na hizo ndizo zinazoamua tabia ya kaboni. Zikiwa ndogo, kaboni huvamiana zenyewe kwa zenyewe, nikeli ikabaki unga mweusi chini ya chupa. Wakaweka kubwa, zinazoilisha nikeli elektroni nyingi. Kaboni ikapoa mno, haikugusa kitu. Walibishana mwaka mzima. Selestini ndiye aliyesema wabaki na ukubwa uleule, ila elektroni zipungue.

"Nilijaribu baada ya mazishi. Kaboni ilisubiri mpaka nikapitisha gesi ya ethilini, ikahamia humo, ikafunga pete. Pete ya kaboni tatu. Ndiyo tuliyokuwa tukiitafuta."

Mama Selestini akaweka kikombe chini.

"Pete?"

"Ndiyo, mama."

"Krismasi aliniambia, 'Mama, pete ikipatikana tu, nakuja nyumbani na Siti.' Mimi nikadhani..." Akajifuta uso kwa pindo la khanga. "Nilishawaambia hata dada zangu. Nikasema ni Mwislamu, na nisimsikie mtu akinung'unika."

Miaka yote ile Siti na Selestini walikula sahani moja, wakapokezana zamu za maabara, na Selestini hakuwahi kumtamkia neno. Naye hakutamka, akingoja kwanza kazi iishe. Sasa hakuna wa kumuuliza alimaanisha pete ipi.

"Wewe hakukwambia?" Mama alimtazama kama anayeomba.

Kudanganya kungekuwa rahisi.

"Hapana, mama. Ila ningemkubali."

Mama akamvuta kifuani. Walilia kwa sauti, mpaka jirani akaja mbio akidhani kuna msiba mwingine.

Kesho yake mama alimsindikiza stendi, na kila waliyekutana naye alimtambulishia: "Huyu mkwe wangu." Siti aliwaamkia wote, mmoja mmoja, wala hakumsahihisha.