Nakala Tatu

Karani wa masjala aliweka kidole chini ya ukurasa wa mwisho. "Huu mhuri ni wa nani, mzee?"

Mzee Taipu aliinama kuutazama. Miaka thelathini na mitatu amekaa na mashine yake nje ya lango la mahakama, akiwachapia watu malalamiko yao. Kila ukurasa ukitoka, mkono huenda wenyewe kwenye mhuri: mchapaji wa umma, namba ya leseni. Hata kwenye kesi yake mwenyewe ulikwenda.

"Wangu."

"Leseni yako imekwisha tangu mwezi wa tatu."

"Si ndicho ninachoshtakia, mwanangu? Wameninyima nyingine kwa sababu nimetimiza miaka sitini. Kazi yangu hakuna aliyeiangalia."

"Nimesoma. Umeandika vizuri sana." Karani hakuwa anamdhihaki, na hilo ndilo lililomuuma mzee. "Lakini hati iliyochapwa na asiye na leseni haipokelewi. Kachapishe kwa mwingine."

"Yupi? Langoni tulikuwa wanne, na sote tuna mvi."

"Hilo si la masjala. Unaweza kukata rufaa, ila uwe na barua ya kukataliwa."

"Basi nipe hiyo barua."

Karani akakuna kichwa. Printa ilikuwa imekufa tangu Jumatatu. Macho yake yakatua kwenye mashine ya taipu, ambayo mzee huibeba popote siku hizi, maana akiiacha langoni askari wa manispaa wataondoka nayo.

"Mashine si unayo? Nakala tatu."

Mzee akakaa kwenye benchi, mashine mapajani. Alichapa kukataliwa kwake bila kukosea hata herufi moja, kwa vidole vile vile ambavyo waliomnyima leseni walisema vimechoka. Alipomaliza, mkono ukaanza safari ya kwenye mhuri.

"Hizo usigonge," karani akasema. "Zitakuwa batili."

Akazipokea, akaziweka chini ya kiwiko chake. Hakutia sahihi.

"Zipo kesi nyingine tisa za namna hiyo, mzee wangu, nazo zinangoja barua. Nitasaini zote kwa pamoja."

Karani akasukuma rundo la majalada, mzee akalivuta. La kwanza lilikuwa la fundi viatu, la pili la mama muuza uji. Wote wamepita sitini, wote wamenyimwa leseni. Kesi zao alizichapa yeye, wiki iliyopita, bure, kwa sababu ni wenzake. Chini ya kila ukurasa palikuwa na mhuri wake, umegongwa sawasawa.

Akaingiza karatasi, akapachika kaboni.

"Jina la kwanza?" akauliza, ingawa alilijua.