Choo Kisichosubiri

Siku Kayono alipoambiwa ana vijidudu vya salmonela tumboni, hakuwa hata na kichefuchefu. Lakini wapishi wa shule za mji wao hupimwa choo mara kwa mara, mzima kwa mgonjwa, na maabara ya afya haikutaka kujua anajisikiaje. Akasimamishwa jikoni mpaka apatikane safi.

Kilichomuuma ni Ijumaa. Darasa la sita lingekula chakula chake cha mwisho kabla ya kuhitimu, na watoto walikuwa wamechagua kari yake. Naye alikuwa anastaafu mwezi huohuo. Akiikosa siku hiyo, basi ameondoka jikoni bila kuaga, baada ya miaka yote ile. Sampuli ya kwanza baada ya dawa ilitoka safi. Ilibaki ya pili, nayo ilitakiwa kwenye dirisha la maabara Jumatatu kabla ya saa nne asubuhi, la sivyo jibu lisingewahi.

Jumatatu akatandika chooni karatasi ya kukingia sampuli, akahangaika, akafanikiwa. Akanyanyuka kuchukua kichupa. Choo kikahisi amenyanyuka, kikavuma, kikamwaga maji chenyewe. Kila kitu kikaenda, pamoja na karatasi.

"Baba Naoki!"

Mumewe, Tetsuzo, akaja mbio. Choo kile alikinunua yeye, zawadi ya kustaafu, na kiti chake hupashwa moto kwa umeme. Na ni yeye aliyeleta mayai ya kuku wa rafiki yake akambembeleza mkewe ale mabichi juu ya wali, wakati wapishi wamekatazwa; huko ndiko vijidudu vilikotoka.

"Kwanza mayai, sasa choo! Nimekukosea nini mimi?"

"Si nilikuonyesha kitufe cha kukizuia?"

"Vitufe vyote vile, utadhani naendesha treni!"

Akamletea maziwa baridi, kahawa, viazi vitamu. Wapi! Kadiri Kayono alivyoitazama saa, ndivyo tumbo lilivyozidi kufunga. Ilipopita saa tatu alimeza aibu, akachukua kichupa na karatasi ya akiba, akaenda kwa jirani, Bibi Hatsue, mwenye choo cha zamani cha kuchuchumaa.

"Bibi, naomba chooni kwako."

"Mna kiti cha moto kule, unakuja kuchuchumaa kwangu?"

Kayono akaeleza. Bibi akashika mwimo wa mlango, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Mwanangu, choo hicho nakijua! Mumeo aliniita nikakione. Nikafungua mlango, kifuniko kikanyanyuka chenyewe. Mimi nikadhani nasalimiwa, nikainama nikakiamkia!"

"Ukakiamkia choo?"

"Mara mbili! Kisije kikasema sina adabu."

Kayono alicheka mpaka akakaa chini. Mara akanyamaza, akajishika tumbo.

"Bibi, nipishe."

Alitoka na kichupa mkononi, uso unang'aa. Tetsuzo alikuwa nje, gari linanguruma. Walifika dirishani dakika chache kabla ya saa nne. Mhudumu akaipokea bahasha yenye kichupa kwa mikono miwili, kwa heshima zote, na Kayono akajizuia asicheke tena.

Alhamisi simu ikalia. Safi. Kayono aliketi kwenye sakafu ya jikoni kwake akalia kwa furaha, na Tetsuzo akaketi kando yake.

"Nisamehe yale mayai," alisema.

"Nimekusamehe mayai. Choo bado."

Ijumaa alikoroga kari yake mpaka mikono ikamuuma, na maumivu yale aliyapenda. Baada ya chakula watoto wakarudisha sufuria walizopakulia darasani, wakazileta kwenye dirisha la jikoni kama kawaida yao. Kayono alikuwa na barakoa na kofia, kama wapishi wenzake wote. Hakuna aliyewaambia watoto kwamba aliwahi kuondoka, wala kwamba amerudi.

Msichana wa darasa la sita akaweka sufuria mbele yake, akainama kushukuru. Kisha akachungulia yale macho juu ya barakoa.

"Mama, umerudi, eti? Tulipoonja tu tukajua."

Kayono aliitazama sufuria ile, imekombwa mpaka chini, akaipokea kwa mikono miwili.